Bata la Jumla, Bata la Rejareja

Oya mwanangu, uko ngazi ya ngapi?

Usinijibu "poa tu". Poa tu sio namba, na wale jamaa wa Gallup, wapima maoni ya watu, wanataka namba. Wanakwambia hivi: vuta picha ya ngazi. Juu kabisa, namba kumi, ni maisha makali kuliko yote ambayo wewe ungeweza kuishi. Chini kabisa, sifuri, ni maisha ya hovyo kuliko yote. Haya, umesimama wapi? Swali lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, miaka ya 1960, na mpaka kesho ndilo linalopanga nchi kwenye Ripoti ya Furaha Duniani inayotoka kila Machi. Wanahoji watu kama elfu moja kwa nchi kwa mwaka, wanachanganya miaka mitatu, wanapiga wastani, kwisha.

Finland wako namba moja tangu 2018. Nchi ambayo kuna miezi jua linachungulia tu kidogo halafu linaondoka zake. Sisi je? 2017 tulikuwa wa 153 kati ya nchi 155. 2018 tukawa wa 153 tena, ila safari hiyo nchi zilikuwa 156. Yaani tulipanda bila kusogea. Bongo hiyo mzee baba. Nchi ya singeli. Nchi ambayo msiba wenyewe una MC. Wa mia hamsini na tatu.

Mitandaoni watu walicheka kinoma. Na mimi nilicheka. Halafu nikaangalia kitaa chetu hapa Malinyi, Bonde la Kilombero, nikaona hao jamaa wana hoja, ila wamekosea kalenda. Hapa kwetu huwezi kumuuliza mtu yuko ngazi ya ngapi bila kumtajia mwezi. Muulize Julai: ngazi ya tisa, miwani nyeusi saa mbili usiku, anakuita "mdogo wangu" wakati mmezaliwa mwaka mmoja. Muulize huyohuyo Februari: ngazi ya pili, na ngazi yenyewe kaiweka bondi.

Mtu yuleyule, meno yaleyale. Kilichobadilika ni mpunga.

Julai, mwezi wa wafalme

Tuweke sawa kwa wale wa mjini wanaodhani mchele unatoka Kariakoo. Bonde la Kilombero linalima mara moja kwa mwaka, sehemu kubwa kwa mvua. Mnalima na kupanda kuanzia Desemba, mnapalilia mkiwa mmezama tope mpaka magoti, mnavuna kuanzia Mei mpaka Julai. Mshahara wa mwaka mzima unashuka kwa mkupuo mmoja. Hakuna tarehe ishirini na tano hapa. Kuna Julai.

Na Julai tunaijua. Kuanzia Mtimbira, Itete, Malinyi mjini mpaka Ngoheranga, mashine za kukoboa hazilali, fuso zinapishana, madalali wanabeba lumbesa na bado wanalalamika gunia halijajaa. Ghafla kila mtu ana haraka. Geto ambalo Machi lilikuwa na godoro na ndoo linaota sabufa ya kutikisa ukuta wa jirani. Wana wanapiga kiwalo kipya, raba nyeupe kwenye vumbi jekundu, uamuzi wa kishujaa kabisa. Simu inatoka kwenye kitochi inaruka moja kwa moja hadi iPhone macho matatu, yuzdi kutoka Dubai, betri inakufa saa sita mchana. Macho matatu yote yanaona umeme umekata.

Na nyie masista msicheke. Wigi la laki, kucha ndefu mpaka kumenya kitunguu ni shughuli ya ukoo mzima, kijora cha sare kwa kila sherehe. Kwa sababu Julai ndio msimu wa kadi za michango. Harusi, kipaimara, komunio, sendoff, yote yamebanwa humo humo kama vile kuna mtu ameweka tarehe ya mwisho ya kuoana. Kadi inakuja na bei imeandikwa, single hii, double hii. Ukitoa pungufu unakaa nyuma ya spika. Ukitoa kamili unakula wali. Mwanangu, wali! Umelima wali, umevuna wali, umeuza wali, umechangia hela ya wali, umepewa sahani ya wali na kipande cha kuku kilichokatwa na mtu mwenye roho mbaya.

Kuna vijana wanaoa Julai. Kuna washua wanaongeza mke Julai. Wa kwanza analima, wa pili anavuna, kila mtu bondeni anaijua hiyo filamu na inavyoisha.

Sasa, simkejeli mtu kula bata. Bata lazima liliwe. Ninachosema, tunalinunua kwa jumla. Mzigo wote siku moja, hakuna chenji, hakuna stoo. Halafu Oktoba tunashangaa duka la furaha limefungwa.

Mchizi wa Nailoni

Kila mtaa una mwamba mmoja aliyenunua Boxer mpya na hajatoa nailoni kwenye siti. Kwetu tunamuita Mchizi wa Nailoni. Boxer mpya ni kama milioni tatu, kwa hiyo kuna gunia nyingi sana zimekaa chini ya yale makalio. Wiki ya kwanza alikuwa anapita mtaani bila sababu. Anakwenda dukani kwa boda, duka lenyewe unaliona kutoka kitandani kwake. Anaosha asubuhi na jioni. Ukigusa kioo anakohoa.

Wiki ya sita, boda imekuwa boda. Anaiosha ikikumbukwa. Nailoni bado ipo, imechanika katikati, inamng'ata mapajani, ila kuitoa itakuwa kukubali kwamba sherehe imeisha.

Wasomi walishamuona huyu mchizi kabla hajazaliwa. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake kule Marekani walikaa na watu 22 walioshinda bahati nasibu kubwa, wakawalinganisha na watu wa kawaida. Washindi hawakuwa na furaha zaidi ya majirani zao kwa maana yoyote ya kutisha. Mbaya zaidi, vitu vidogo vya kila siku, kupiga stori na mshkaji, kupata kifungua kinywa, vilikuwa vinawapa raha ndogo kuliko wenzao. Ushindi uliharibu chai. Kundi lilikuwa dogo na watafiti wengine wameibishia sana ile kazi, wengine wanasema hela ya bahati nasibu inasaidia kweli. Lakini ile tabia ya kichwa kuzoea kitu kipya imeonekana tena na tena. Kichwa kinazoea. Kinazoea boda, kinazoea macho matatu, kinazoea hata mke wa pili, na huyo ndiye mwenye gharama ya uendeshaji kubwa kuliko wote.

Wewe unayebeti, najua umesoma neno "bahati nasibu" ukaweka simu chini ufikirie. Mkeka wa mechi kumi na nne, odi za kutisha, umechanwa na timu ya daraja la pili Uturuki dakika ya tisini na nne. Nikwambie kitu: ile raha uliyokuwa nayo tangu Ijumaa usiku, unahesabu hela ambayo haipo, unajenga nyumba ya vyumba vitatu kichwani, hiyo ndiyo mali uliyonunua. Ilikugharimu buku. Ukiipata kwa buku moja kwa wiki, sina neno. Ukianza kuiweka gunia, hapo umeshakuwa mteja wa jumla na wewe.

Halafu kuna suala la jirani, hili ndilo linalouma. Boda ya Mchizi wa Nailoni imemfurahisha yeye wiki sita. Sisi tusiokuwa nayo imetununisha muda gani? Kuna kazi moja ilifanyika Rarieda, magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Shirika la GiveDirectly liligawa hela taslimu kwa kaya maskini, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia. Waliopewa, mambo yakanyooka: chakula, ng'ombe, mabati, hata roho zao zikatulia. Ila waliporudi kuwaangalia majirani ambao hawakupewa kitu, ikaonekana kadiri wenzao walivyotajirika ndivyo wao walivyozidi kuona maisha yao hayaridhishi. Hakuna aliyewaibia. Mabati ya jirani tu yanawaka jua.

Kwa hiyo ile ngazi sio ya kwako peke yako. Mtu akipanda mbele yako, wewe hujashuka, ila macho yako yanaangalia soli ya kiatu chake. Kwenye mtaa ambao kila mtu anavuna mwezi mmoja na kuvimbiana mwezi mmoja, hayo ni maumivu ya msimu. Na dawa yake tunaijua wote: unakimbilia kukopa ili na wewe uvimbe. Karibu kwenye kausha damu, dada mwenye daftari atakuwa mlangoni kwako kila Jumatatu, anasalimia vizuri, hacheki.

Februari haina mshkaji

Turuke mpaka Februari. Mvua. Familia nusu imehamia shambani, mnalala kwenye dungu, ndege asubuhi, nguruwe pori usiku, mbu saa zote kwa zamu. Mtandao unashika ukipanda kichuguu na kuinua mkono. Hela ya Julai ni hadithi. Hapo ndipo mtu anachukua hela kidogo ya mbolea au ya ugonjwa, analipa kwa gunia zima wakati wa mavuno, na gunia hilo litakuja kuwa na thamani mara kadhaa ya alichochukua. Mwenye hela anajua, mkopaji anajua, wanapeana mikono.

Washua wakiona kijana wa hivyo wanasema hana akili. Subiri kwanza. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti wa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, 464, watu wa mavuno ya mara moja kwa mwaka, ndugu zetu kabisa. Wakapewa majaribio ya akili kabla ya kuvuna wakiwa wamechacha, wakapewa tena baada ya kuvuna wakiwa na hela. Mkulima yuleyule. Kabla ya mavuno alifanya vibaya, baada ya mavuno alifanya vizuri. Ubongo haukubadilishwa. Ulikuwa na kazi nyingine, kuhesabu madeni.

Umeona? Februari huna furaha, sawa, ila pia una akili nusu, na ndio mwezi unaosaini mikataba. Kama kuna kitu cha kuogopa Malinyi kuliko kiboko, ni uamuzi wa Februari.

Ridhika, ridhika, ridhika

Hapa sasa lazima mzee aingie. Mzee hawezi kukosa. Yuko kwenye benchi, ana redio, ana ugoro, na ana neno moja tu maishani: "ridhikeni". Mzee huyu huyu ana kesi kwa mtendaji miaka mitatu, anagombania tuta la jaruba lenye upana wa nyayo mbili. Ridhika mzee! Liachie!

Wimbo wa pili: "Zamani tulikuwa na furaha bila hivyo visimu." Zamani ipi, babu? Ile ya kungoja kivuko? Kizazi kizima kilikaa pale Kivukoni na magunia, wagonjwa na mabibi harusi, kinaangalia Mto Kilombero. Januari 2016 kivuko chenyewe kikazama. Mei 2018 ndio likazinduliwa Daraja la Magufuli, mita 384, tukaanza kuvuka kama watu.

Au zamani ya malaria? Hapo Ifakara kuna taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza na maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walisambaza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, na Ulanga ya wakati huo ilikuwa bado imetubeba sisi wa Malinyi, maana wilaya yetu imezaliwa juzi tu, 2015. Chandarua kiliitwa Zuia Mbu, jina halina mbwembwe. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet 2001: kutumia chandarua kulikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 27 la watoto wadogo kubaki hai. Kwa hiyo babu, hao vijana wenye visimu wanaokuudhi, kuna baadhi wanapumua kwa sababu zamani iliisha.

Ila mzee ana kombora moja, na nitalitaja kwa sababu mimi ni muungwana. Anasema: "Mlilia daraja, mkapewa, mnalia lami." Kweli. Lilipofunguliwa watu walishuka kwenye gari kupiga selfii kwenye kingo. Leo mtu anavuka mita 384 zote amelala, mdomo wazi, anaamka Lupiro aanze kutukana vumbi. Kiangazi vumbi, masika tope, masika ya 2024 maji yakaikata njia kabisa. Mzee anaita hiyo kukosa shukrani. Mimi nasema ni kichwa kilekile cha Mchizi wa Nailoni, na safari hii kinafanya kazi nzuri. Tungeridhika na kivuko, tungekuwa bado Kivukoni na mabibi harusi.

Kuhusu ile "hela sio kila kitu", wazee wa dunia nzima wameshindwa kuithibitisha. 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba kwa Wamarekani, raha ya kila siku inaacha kuongezeka mtu akifika dola 75,000 kwa mwaka. Kwa hela yetu ya leo ni karibu milioni mia mbili. Hata hapo, 2023 Kahneman huyohuyo akakaa na wenzake, akina Matthew Killingsworth, wakakuta kwamba kwa watu wengi raha inaendelea kupanda hata juu ya hapo. Kwa hiyo mtu wa Malinyi akiambiwa hela haitamsaidia, amuulize huyo mshauri anaongelea milioni ya ngapi. Sisi bado tuko mbali kabisa na hilo tatizo.

Kibanda umiza, hekalu la kitaa

Sasa tuje kwenye kitu kinachofanya kazi. Mwanasaikolojia Ed Diener na wenzake walitoa andiko 1991 lenye hoja moja kavu: kinachomfanya mtu awe mwenye furaha ni raha zinamjia mara ngapi, sio zilikuwa kubwa kiasi gani. Rejareja. Alikuwa anauza hoja ya muuza duka.

Rejareja kwa Malinyi inaonekanaje? Inaonekana kibanda umiza. Mabati, mabenchi yanayoingia mpaka kwenye roho, televisheni moja, watu mia, feni hakuna, jasho la umma. Kiingilio jero, dabi wanapandisha. Mnatoka mmepauka, sauti zimekwenda, mna stori za wiki nzima. Nionyeshe kitu cha jero chenye uzito huo.

Na hapa nitatoa ushahidi unaoniumiza, maana mimi ni Mnyama damu, shabiki wa Simba, Kolo kwa watani zetu. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walitupiga tano moja. Kwa hesabu ya Brickman, raha ya Utopolo ilitakiwa iwe imepoa kabla ya Krismasi. Haijapoa! Mpaka leo muuza chipsi wangu, ukimwomba mayai matano anakuangalia usoni anasema "na moja?" Ameilinda furaha hiyo miaka yote, haijashuka bei, haijachakaa, haina hata nailoni. Kwa nini? Kwa sababu hakuinunua peke yake na hakuiweka ndani. Inasimuliwa. Kila siku anaitoa kipande anamrushia Kolo mmoja, kesho inaota tena. Boda haiwezi hivyo. Hakuna mtu anakuita kijiweni umsimulie tena ulivyonunua boda.

Kuna jaribio jingine tamu. 2008, Elizabeth Dunn na wenzake kule Kanada waliwagawia watu bahasha asubuhi, wengine dola tano, wengine dola ishirini. Nusu wakaambiwa wajinunulie kitu, nusu wamfanyie mtu mwingine kitu. Jioni waliotumia kwa wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi hakikuleta tofauti. Tano au ishirini, sawa tu. Sio mambo ya wazungu pekee, wenzao walikuja kupima mambo ya namna hiyo hadi Uganda na hali ikawa ileile.

Tafsiri ya kitaa: nunua soda tatu za baridi, kaa na wana wawili. Usinunue kreti nzima siku ya mavuno ukagawia mtaa usiowajua majina, hiyo ni kampeni ya udiwani. Soda tatu. Wiki ijayo zamu ya mwingine. Perege wa kuchoma mkononi, mmoja kaleta, wawili wanatoa miba na maoni. Jioni ya kitumbua cha moto cha mama yule unayemjua, anayekuita "mwanangu" na bado hakukopeshi. Huo ni unga wa mchele, hela yenu inawarudia tumboni.

Na wali! Tumeuzoea mpaka tunautukana. Kuna mikoa pilau ni sikukuu, mtoto anahesabu siku. Sisi ubwabwa tunakula asubuhi umelala na chai juu yake, tunanuna kwamba hakuna chapati. Nenda kaishi Dar miezi sita, ununue kwa kilo mchele uliochanganywa na kokoto, halafu urudi usikie harufu ya jikoni kwa bi mkubwa. Kukosa kidogo kunarudisha ladha. Ndio maana wana wanaorudi likizo wanakula mpaka wanatia aibu.

Sasa ujanja mkubwa kuliko wote, na huu hata mzee wa ugoro ataiba aseme ni wake. Usiuze mpunga wote Julai. Najua, najua, umenuna. Sikiliza biashara. Mavuno yakiiva kila mtu anauza, bei inalala chini. Ikifika mwisho wa mwaka kuelekea msimu wa kulima, mpunga kwenye maghala umepungua, wali unaliwa nchi nzima, bei inaamka. Mwenye gunia zake stoo anatoa moja moja. Moja ya ada, moja ya mbolea, moja ya bata dogo la Krismasi. Amepata hela zaidi, sawa, lakini ona kingine: amekuwa na Julai ndogo kila mwezi. Na Februari anafika na kichwa kizima, kile cha baada ya mavuno, haendi kumsujudia mtu wa kukopesha kwa gunia.

Nani anashindwa? Wengi, kwa sababu shida hazisubiri bei. Mtoto akiugua Julai hiyohiyo, au deni la Februari limekaa mlangoni na gari, utauza tu na hakuna wa kukucheka. Nawacheka wale wengine. Yule aliyeuza zote ili awe na miwani saa mbili usiku.

Kwa hiyo Julai ikifika, mwanangu, fanya hivi. Boxer kama ni ya mishe, nunua, toa nailoni siku hiyohiyo, pakia abiria. Kama ni ya kupita mtaani kuuza sura, hiyo hela nipe mimi, nitakuangalia bure kila jioni na nitashtuka vizuri. Gunia tano ficha kwa bi mkubwa, maana yeye ndiye benki pekee hapa isiyojibu meseji za usiku. Jumamosi njoo kibanda umiza na jero yako. Ukija na stori ya tano moja, kaa benchi la nyuma.